Kuni za Mwenye Jembe

"Mpini mkuukuu ni kuni za mwenye jembe."

Ndivyo alivyosema yule mama aliyekuwa mbele yenu leo kwenye kibanda cha fundi simu, na nyinyi mkacheka njia nzima mpaka hapa. Mlidhani ni ubahili wa watu wa milimani wasiokubali kuacha nyuma hata kijiti. Lakini fundi hakucheka. Hekima, wewe mwenyewe umesema uliona: alivuta droo, akatoa betri ya zamani ya yule mama, akamkabidhi kwa mikono miwili bila kuuliza neno. Sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Nitawaambia, ila mniache nisimulie kwa utaratibu wangu, maana kisa hiki kinanipandisha hasira hata leo, na mtu mwenye hasira akikatizwa husahau alipofika.

Chanzo chake ni gari. Jembe limo, tutalifikia, lakini kilichoyatoa maneno hayo kijijini na kuyafanya methali ya watu wote ni gari.

Kijijini Igolilo, juu kabisa kwenye baridi, alikuwapo mwanamke aitwaye Edina Mgaya, ambaye wengi walimwita Mama Lusungu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baba yake, mzee Lutengano Mgaya, alikuwa mhunzi. Majembe yote ya kijiji kile yalipita kwenye moto wake, na kila chuma alichokishika alikigonga nukta tatu kwa tindo, zimekaa kama mafiga. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake.

Mzee huyo alikuwa na desturi moja. Ukimpelekea jembe lenye mpini uliovunjika, alikutilia mpini mpya. Siku ya kulichukua alikuwekea jembe mkono wa kulia, na mkono wa kushoto alikuwekea ule mpini uliovunjika, ukakokee moto. Ukiukataa mpini, jembe hupati. Edina alipokuwa msichana aliona ni usumbufu mtupu. Siku moja akamwuliza, "Baba, kwa nini tusibaki na hii mipini? Sisi ndio tunaohitaji moto kuliko wao."

"Mpini mkuukuu ni kuni za mwenye jembe," mzee akamjibu. "Ukibaki kwangu, kesho naweza kuukwangua, nikaupaka mafuta, nikamuuzia jirani yake kwa bei ya mpya. Labda sitafanya hivyo. Lakini yeye atajuaje? Akiniachia mpini ameniachia na shaka, na shaka sina pa kuiweka humu ndani."

Wakati huo yalikuwa maneno ya kazi tu, maneno ya mhunzi mmoja na binti yake. Hakuna aliyeyaita methali.

Miaka ikapita, Edina akawa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa Igolilo, kaya thelathini na moja. Walijibana kwa muda mrefu, wakanunua pikapu mpya ya kupelekea maziwa kiwandani kila alfajiri. Siku ilipofika kijijini watu walicheza ngoma. Mzee Lutengano, ambaye magoti yake yalikuwa yameshaanza kumgomea, hakucheza. Alikwenda kuchukua tindo na nyundo, akafunua boneti, akaanza kugonga nukta zake tatu kwenye kila chuma kikubwa alichokifikia. Vijana wakavunjika mbavu. Edina aliona aibu.

"Baba, hili ni gari. Si jembe."

"Lina mwenyewe au halina?" mzee akauliza, akaendelea kugonga.

Gari lilifanya kazi miaka miwili bila neno. Mwaka wa tatu likaanza kuishiwa nguvu milimani. Likipanda kilima na madumu ya maziwa lilikohoa, likatetemeka, kisha likasimama. Kikundi kikakaa kikao. Wengi walitaka lipelekwe kwa Kastori, fundi wa pale stendi, ambaye mikono yake ina grisi lakini anajulikana hadi kwao na mama yake. Edina alikataa. Alisema gari bado lina waranti, na likiguswa na fundi wa mtaani waranti inakufa. Alisema walioliuza ndio wanaolijua. Alisema pia, na maneno haya yalikuja kumsumbua, kwamba yeye mwenyewe anawadhamini.

Kampuni iliyowauzia gari ilikuwa mjini, mwendo wa saa mbili. Jina lake siwatajii, maana limekwisha kufa na sina haja ya kulifufua. Edina alifika asubuhi, akasimama mlangoni. Sakafu ilikuwa ya vigae vinavyong'aa hata mtu akauona uso wake. Kwetu huku, ukikuta nyumba ya mtu imesafishwa namna ile, unavua viatu. Ndiyo adabu. Basi Edina akavua mabuti yake yenye matope, akayapanga vizuri nje ya mlango, akaingia kwa soksi.

Mpokea magari alikuwa kijana wa tai nyekundu aitwaye Clemence. Alimtazama miguu, kisha uso, kisha miguu tena, akatabasamu. "Vaa tu mama. Hapa si sebuleni kwa mtu."

Nawaambieni, gari lilianza kuibiwa pale pale, kwenye soksi. Mtu anakuja kwako na heshima yake, wewe unaipima heshima hiyo kama upungufu wa akili. Hakuna kitu kinachoniudhi kuliko hicho.

Clemence akamkalisha kwenye kiti laini, akampa kahawa, akamletea karatasi ya matengenezo. Edina alisoma mistari ya kwanza. Chini kabisa aliona visanduku viwili vidogo. Kimoja kiliandikwa: *Vifaa vya zamani virudishwe.* Cha pili: *Visirudishwe.* Akakumbuka baba yake, neno likamjia mdomoni. Lakini angesemaje, amekaa kwenye kiti kile na kahawa mkononi, kwamba anataka vyuma vilivyochakaa? Aliona atachekwa mara ya pili. Akaweka sahihi, visanduku vyote viwili akaviacha vitupu. Clemence akachana nakala ya chini, ile ya rangi ya waridi, akampa. Edina aliikunja mara nne, akaitia kwenye bahasha.

Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kule Igolilo maziwa yalipelekwa kwa pikipiki za kukodi, madumu mawili mawili, na nusu yalifika yamechacha. Watu walimwaga maziwa shambani, na mtu aliyeamka saa kumi usiku kukamua anapomwaga maziwa hasemi sana, anakutazama tu. Siku ya nne kiwanda kikatuma ujumbe: Jumatatu ikifika gari halipo barabarani, nafasi ya Igolilo itapewa kikundi kingine. Siku ya tano, Ijumaa jioni, simu ya Clemence ikaingia.

Gari lilikuwa tayari. Pampu ya dizeli ilikuwa imekufa, wameweka mpya. Ankara yote pamoja na ufundi na uchunguzi wa kompyuta ilikuwa milioni nne na laki sita. Edina akauliza kuhusu waranti. Akajibiwa kwamba waranti haigusi pampu, kwa sababu wao wenyewe wameiua kwa dizeli chafu. Na kuanzia kesho yake mchana wataanza kutozwa pesa ya maegesho kwa kila siku gari litakapolala pale.

Kikundi kilikuwa na milioni nne na laki saba na ushee. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya maziwa ya mwezi mzima ya kaya zote thelathini na moja, na hazikuwapo fedha nyingine. Akilipa, watu wamekamua mwezi mzima bure. Asipolipa, gari linabaki, Jumatatu inafika, na kiwanda kinawaacha. Na ni yeye aliyesema anawadhamini. Usiku ule Edina hakula.

Asubuhi ya Jumamosi, akiwa na fedha zile kwenye mkoba chini ya koti, alipita kumuaga baba yake. Mzee alikuwa jikoni anaota moto, hatembei tena bila kushikwa. Edina akamweleza yote.

"Wamebadilisha nini?" mzee akauliza.

"Pampu, baba."

"Ya zamani iko wapi?"

Mwanamke mzima, mwenyekiti wa kikundi, alisimama mbele ya mafiga ya baba yake akatazama chini kama siku alizokuwa akivunja chungu.

Mzee hakumgombeza. Alisukuma kijinga cha moto ndani kidogo, akasema, "Basi nenda kaniletee kuni zangu."

Safari hii Edina alifika kwenye vigae akapita na mabuti yake. Matope yakabaki nyuma yake hatua kwa hatua mpaka kwenye meza ya Clemence. Pale ukumbini walikuwapo wateja wengine sita au saba wanasubiri magari, wengine wanasoma magazeti, wengine wanasinzia.

"Karibu mama. Ulipie pale dirishani, funguo hizi hapa," Clemence alisema.

"Asante, mwanangu. Kwanza nipe pampu yangu ya zamani."

"Ya zamani? Ile ni taka, mama. Tumeshaitupa."

"Mmetupa taka za nani?"

Clemence akacheka kidogo. "Mama, huu ni utaratibu wa kampuni. Wewe mwenyewe ulikubali." Akafungua faili, akatoa ile karatasi ya matengenezo, akaigeuza ili Edina aione. Sahihi yake ilikuwapo. Na juu yake, kwenye kisanduku cha *Visirudishwe*, palikuwa na alama ya vema, kubwa, ya wino mweusi.

Kwa kitambo kidogo Edina alijitilia shaka yeye mwenyewe, akafikiri labda aliitia bila kujua, kwa aibu ya siku ile. Angalieni watu hawa wanavyofanya. Hawakuibii fedha tu, wanakuibia na kumbukumbu yako. Kisha akakumbuka ile bahasha. Akaitoa, akakunjua nakala ya waridi, akailaza kando ya ile karatasi nyeupe. Sahihi ilikuwa ile ile. Visanduku vya waridi vilikuwa vitupu vyote viwili.

"Wino wangu ulikuwa wa bluu," Edina akasema, na hakupaza sauti. "Na kalamu yangu ilipita mpaka karatasi ya chini. Huyu aliyeweka vema nyeusi ni nani?"

Magazeti yalikuwa yameshuka. Hakuna aliyekuwa anasinzia tena.

Clemence alikusanya karatasi zake haraka, akasema labda ni makosa ya ofisi, akaingia karakana. Alikaa huko muda mrefu. Edina hakukaa kwenye kiti, alibaki amesimama pale pale. Clemence alipotoka, alikuwa amebeba boksi, na ndani ya boksi mlikuwa na pampu kuukuu, nyeusi kwa mafuta.

"Bahati yako nzuri, mama. Nimeikuta kabla haijachukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Iangalie, ujiridhishe, halafu uniachie."

Edina akaigeuza upande huu na ule. Alipitisha kidole kwenye chuma chote, juu, chini, ubavuni. Nukta tatu hazikuwapo. Kabla hajafungua kinywa, mwanamume mmoja wa makamo aliinuka kwenye viti vya nyuma. Alikuwa Zakaria Mwalongo, dereva wa zahanati ya masista.

"Kamwene, mama," alimsalimu. "Naomba niishike hiyo kidogo."

Akaichukua, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka akafika penye sikio la kufungia boliti. Sikio hilo lilikuwa limemegeka, na ncha yake ilikuwa kali. Zakaria akainua mkono wake wa kushoto, akawaonyesha watu kovu kwenye kidole cha shahada.

"Sikio hili lilinikata mwezi wa tatu," alisema. "Hapa hapa, kwenye meza hii. Masista walitozwa pampu mpya, nikaomba kuona ya zamani. Nikaletewa hii. Wakaniambia ndiyo iliyotoka kwenye gari letu. Nikaiangalia, nikaridhika, nikawaachia."

Alimgeukia Clemence. "Kijana, hii pampu imetoka kwenye magari mangapi?"

Mnaelewa? Pampu moja ya jalalani ilikuwa imewekwa kwenye rafu kama kitu cha thamani, inaletwa na kurudishwa, inaonyeshwa kwa yeyote mwenye wasiwasi, kisha anaambiwa iache. Walionyeshwa. Hawakupewa. Watu waliosoma, watu wa tai, wamekaa wakabuni jambo hilo, na fedha za dawa za masista zikapita humo. Mimi nikifika hapa nashindwa kuendelea, lakini ngoja.

Kelele zilimtoa meneja ofisini kwake, mtu mnene wa sauti laini. Alimshika Edina mkono. "Mama yangu, twende ofisini tunywe chai tuzungumze. Haya ni mambo ya kuelewana."

"Chai nimekunywa nyumbani," Edina akasema. "Nifungulie boneti ya gari letu."

"Karakana wateja hawaruhusiwi kuingia. Ni kwa usalama wao."

"Basi usalama ubaki huko, gari lije hapa."

Wateja wote walikuwa wamesimama sasa. Meneja aliwatazama, akahesabu moyoni, akatoa amri. Gari likatolewa nje, likasimamishwa mbele ya vioo, na fundi mmoja aitwaye Yustino, mwenye ovaroli ya bluu, akafunua boneti. Watu wakazunguka.

Pampu ilikuwa inang'aa. Rangi ya fedha tupu, safi, hakuna hata doa. Meneja akapumua. "Umeona, mama? Mpya kabisa."

Edina akaomba dizeli kidogo. Yustino akamletea kwenye kopo. Edina akachovya pembe ya kanga yake, akaanza kusugua ubavu wa pampu. Hakusugua kwa pupa. Alisugua kama mtu anayeosha uso wa mtoto. Rangi ikalainika, ikatoka kwenye kanga, na chini yake kikaonekana chuma cha zamani, na kwenye chuma nukta tatu, zimekaa kama mafiga.

Alizijua kabla hajaziona zote. Alikumbuka magoti ya baba yake kwenye vumbi siku ile, na vijana wanacheka, na yeye mwenyewe anaona aibu. Machozi yakamjia, lakini hayakuwa ya huzuni. Yalikuwa ya ghadhabu.

"Alama hii aliigonga baba yangu siku gari hili lilipofika kijijini," aliwaambia watu. "Hii ndiyo pampu iliyokuja na gari. Haijatoka hapa hata siku moja. Wameipaka rangi wakataka kuniuzia mara ya pili." Akamgeukia yule fundi. "Baba, wewe ndiye uliyeshika spana. Nakuuliza mbele ya watu. Ulibadilisha nini?"

Yustino alitazama chini. Alikuwa mtu mzima, umri wa kuwa na wajukuu. "Filta, mama," alisema. "Ilikuwa imeziba. Filta tu. Rangi niliambiwa nipake."

"Ilichukua muda gani?"

"Nusu saa."

Siku tano za maziwa kumwagwa. Nusu saa.

Meneja akarudi na sauti yake laini. Alisema pampu itafutwa kwenye ankara, kompyuta itafutwa, maegesho yatafutwa. Gari litahudumiwa bure mwaka mzima. Alichoomba ni kimoja tu, kwamba mama aende nyumbani salama na jambo hili liishie pale pale. Mafundi ni binadamu, alisema, na makosa hutokea.

Hapo ndipo Edina aliposema yale maneno. Hakuyapanga. Yalitoka yenyewe, kwa sauti ya baba yake.

"Kwetu, mpini mkuukuu ni kuni za mwenye jembe. Mhunzi akikutilia mpya, anakuwekea wa zamani mkononi uende nao. Hakuonyeshi, anakupa. Baba yangu hana vigae wala tai, na miaka hamsini hakuna aliyetoka kwake na shaka. Huduma ya bure siitaki. Filta mmenibadilishia, na filta nitailipa. Sasa, filta yangu ya zamani iko wapi?"

Yustino hakungoja kuambiwa na meneja. Alikwenda karakana akitembea haraka, akarudi na filta chafu, nyeusi, imelowa dizeli. Akaja mpaka mbele ya Edina, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo watu wa kule wanapompa mtu kitu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Edina akaandikiwa ankara nyingine. Ilikuwa elfu tisini na tano. Alilipa, akachukua risiti, akaisoma yote mpaka chini. Alipokuwa anapanda gari alimsikia Zakaria nyuma yake anamwambia meneja, "Na kuni za masista ziko wapi?" Kisha sauti ya mwanamke mwingine ikasema, "Mimi mlinibadilishia giaboksi." Kisha mwingine, kuhusu rejeta. Kila mtu pale alikuwa anadai mpini wake, na maneno yale yalikuwa yameshatoka mikononi mwa Edina.

Kama mnauliza kilichotokea baadaye, masista walirudishiwa fedha zao, baada ya barua nne. Clemence alifukuzwa kazi, na hilo halinifurahishi kama mnavyofikiri, maana ile rangi ya fedha haikununuliwa kwa mshahara wa Clemence. Meneja alihamishiwa mji mwingine kwa cheo kile kile. Lakini watu waliacha kwenda, mmoja mmoja, na mwaka wa pili vioo vile vikabandikwa tangazo la kupangisha. Yustino sasa ana karakana yake pembeni mwa stendi, jirani na Kastori. Ukimpelekea gari, anakurudishia hata skrubu iliyochakaa.

Edina aliingia Igolilo jioni ile akipanda kilima kwa gea ya tatu, gari halikohoi, na mkoba wa fedha za watu bado uko chini ya koti. Hakuanzia kwenye kikundi. Alianzia jikoni kwa baba yake. Akapiga magoti, akaiweka ile filta kwenye viganja vya mzee.

"Kuni zako, baba."

Mzee Lutengano akainusa. Alichukua kisu, akaifungua, akatoa ile karatasi ya ndani iliyolowa dizeli, akaisukuma katikati ya mafiga. Moto ambao ulikuwa umeanza kufifia ukashika mara moja. Wakabandika maziwa, wakanywa, na Jumatatu alfajiri gari likawa barabarani.

Basi ndiyo maana fundi simu hakucheka. Alikuwa ameambiwa, kwa heshima, kwamba yule mama hamwiti mwizi na wala hataki kumwachia shaka. Fundi mwaminifu akisikia maneno hayo hufurahi. Asiye mwaminifu huanza kukueleza utaratibu.

Sasa wewe, Hekima. Simu yako nimeona inang'aa. Ulisema kwenye kibanda kile kile ulibadilishiwa kioo, ukalipa elfu sitini. Kioo cha zamani kiko wapi?

Unatazama chini. Hata Edina alitazama chini. Inuka, kibanda hakijafungwa bado, nenda kakichukue. Ukifika usigombe na mtu. Sema tu: mpini mkuukuu ni kuni za mwenye jembe.